Nyumba ya potopoto ya Kisangani: ilikotoka, na wapi pa kuanzia ukiwa na pesa kidogo

Mvua ikinyesha usiku hapa Kisangani, asubuhi unaweza kujua hali ya nyumba ya mtu kabla hajafungua mlango. Utaona ukuta uliolowa chini, udongo uliomwagika mbele ya baraza, na masufuria na mabeseni yaliyotolewa nje kwa sababu usiku kucha yalikuwa yakikinga maji ya paa linalovuja.

Tangu mwaka 2023, ugomvi kati ya ndugu zetu wa jamii za Mbole na Lengola ulipoanza upande wa Lubunga na Ubundu, familia nyingi zimevuka mto zikiacha nyuma nyumba zilizochomwa moto. Kuna wanaoishi chini ya bashi, kuna waliopokelewa na jamaa, kuna waliopanga chumba kimoja Mangobo au Kabondo, na kuna walioanza kurudi na kukuta nguzo nyeusi tu. Wote wana swali moja: nikiwa na pesa kidogo, nitengeneze nini kwanza?

Swali hilo si geni katika mji huu. Watu wa Kisangani wamelijibu mara nyingi, kila baada ya vita na kila baada ya bei kupanda. Leo, ndugu msomaji na wewe unayesomewa, tuangalie walivyolijibu.

Mti, kamba na udongo

Mtu anayetaka kujua ufundi wa zamani wa mahali hapa aende kwenye maporomoko akaangalie mitego ya Wagenia. Miti mikubwa imesimamishwa kati ya mawe, maji yakipita kwa nguvu chini yake, na inashikana kwa kamba za porini bila msumari. Ujuzi huo wa kuchagua mti na kuufunga ndio uliosimamisha nyumba za kando ya mto: nguzo zimechimbiwa, fito zimefungwa kwa kekele, na juu yake majani ya mitende ya porini yaliyoshonwa, yale tunayoyaita ndele.

Katika miaka ya 1870 na 1880 walifika Wangwana, watu wa msafara waliotoka pwani na Maniema. Miji yao ya Nyangwe na Kasongo ilikuwa na nyumba za pembe nne zilizokandikwa udongo, zenye baraza mbele. Stanley alifungua kituo chake kwenye maporomoko mwezi Desemba 1883. Kiliteketea mwaka 1886 katika mapigano na Waarabu, na mwaka uliofuata Tippu Tip mwenyewe akawekwa kuwa gavana wa eneo hili. Utawala wake haukudumu, lakini neno lake moja la nyumbani lilibaki. Hadi leo Mkongo anayezungumza Kifaransa au Lingala, hata kule Kinshasa, huita sehemu ya mbele ya nyumba yake barza. Hilo ni baraza letu.

Baraza halikuwa la maongezi tu. Paa lililotoka nje mbele ya ukuta liliuzuilia mvua isiupige. Nyumba ya udongo yenye baraza pana iliishi muda mrefu kuliko ile isiyo nalo. Tulishike jambo hilo, maana tutalirudia.

Jinsi udongo ulivyogeuka aibu

Utawala wa Wabelgiji uliigawa Stanleyville kuwa miji miwili. Wazungu walikaa katikati, Makiso ya leo, katika nyumba za matofali. Wakongo walikaa katika mitaa yao, ambayo kwa amri ya mwaka 1931 ilitawaliwa kama centre extra-coutumier, yaani mji wa watu walio nje ya desturi za kijiji. Kukaa humo kulihitaji ruhusa, na kiwanja ulipewa na wakubwa.

Mtaalamu Valdo Pons aliichunguza mitaa hiyo mwaka 1952 na 1953, na mwaka 1969 akatoa kitabu kuhusu mji wetu. Alifuatilia maisha ya barabara moja aliyoiita Avenue 21. Nyumba zake zilikuwa za udongo, nyingi zikiwa na vyumba vya kupangisha, na majirani walikuwa wa makabila mengi tofauti waliokaa ukuta kwa ukuta. Leo jambo hilo lina uzito wake: mji huu haukujengwa na kabila moja.

Miaka hiyo ndipo yalipoingia maneno tunayotumia hadi leo: nyumba ya dur, nyumba ya semi-dur, na ile nyingine ambayo haikupewa heshima ya jina. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni iliunda Office des Cités Africaines, shirika la kujenga nyumba za matofali na simenti kwa Wakongo katika miji mikubwa. Mwaka 1953 ilitoka amri ya kumruhusu Mkongo kumiliki ardhi na nyumba yake mwenyewe. Mwaka 1955, baada ya safari ya mfalme Baudouin, ukaanzishwa Mfuko wa Mfalme wa kusaidia watu kupata nyumba.

Nyumba hizo zilikuwa nzuri. Lakini karani mwenye mshahara wa kila mwezi aliweza kuzifikia kuliko mpakuzi wa mizigo bandarini. Kwa hiyo nyumba ikawa cheti: ya simenti ilionyesha kwamba umeendelea, ya potopoto ilionyesha kwamba bado. Aibu hiyo tuliirithi. Ndiyo sababu hata leo baba anaweza kununua mifuko miwili ya simenti kupamba ukuta wa mbele huku paa la nyuma likivuja juu ya watoto.

Simenti inakuja kutoka mbali

Kisangani haina kiwanda cha simenti. Kwa miaka mingi simenti yetu ilitoka Lukala, Kongo ya Kati: ilifika kwanza Kinshasa, halafu ikapanda mto kilomita zaidi ya 1,700 kwenye mashua. Nyingine inatoka Uganda, kwa malori yanayopita Beni, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende. Kila kizuizi, kila daraja lililovunjika na kila vita njiani huongeza bei ya mfuko.

Historia imetuonyesha hivyo mara kadhaa. Mwaka 1973 maduka na makampuni ya wageni yaligawiwa wananchi kwa ghafla, na mengi yalikufa. Mwezi Septemba 1991 ulikuja uporaji katika miji mingi ya nchi. Kisha vita vilivyoanza Agosti 1998 vilifunga mto kati ya Kinshasa na Kisangani kwa muda wa miaka. Mafuta yalikosekana, magari yakasimama, na baiskeli za toleka zikawa ndizo zinazobeba watu na mizigo ya mji mzima. Simenti ya kujengea nyumba ya mtu wa kawaida ilikuwa ndoto.

Watu walikaa wapi? Walikaa katika nyumba za udongo. Udongo haukuhitaji mashua. Matofali mabichi yalipigwa kiwanjani, ya kuchoma yalitoka kwenye matanuru ya pembeni ya mji, miti na ndele vilikuja kwa mtumbwi na kwa baiskeli. Nyumba ambayo mkoloni aliidharau ndiyo iliyotufunika wakati nyumba ya simenti haikuwezekana.

Siku 6 za Juni 2000

Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yalipigana ndani ya mji wetu. Makombora zaidi ya 6,000 yalianguka, na komine ya Tshopo, karibu na daraja, iliumia sana. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuja kukadiria hasara ulihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa, watu wapatao 1,700 waliojeruhiwa, na nyumba zaidi ya 4,000 zilizobomolewa, kuharibiwa au kufanywa zisikalike.

Kesi ilipelekwa kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, La Haye. Hukumu dhidi ya Uganda ilitoka tarehe 19 Desemba 2005. Kiasi cha fidia kiliamuliwa tarehe 9 Februari 2022: dola milioni 325 kwa Kongo, na ndani yake milioni 40 kwa ajili ya mali zilizoharibiwa, si za Kisangani peke yake bali za maeneo yote yaliyohusika.

Ukihesabu, ni karibu miaka 22 kutoka kombora hadi uamuzi wa fidia. Haki ni haki, na anayeidai asiache kuidai. Lakini mvua haingoji hukumu. Katika miaka hiyo 22 watu wa Tshopo, Mangobo na Kabondo waliziba matundu kwa udongo, walinyoosha mabati yaliyopinda, waliinua chumba kimoja kwanza na kulala humo wote, halafu cha pili. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliyeziba ufa mwaka 2000 ana nyumba leo. Nyumba iliyoachwa wazi ingoje fidia iliyeyushwa na maji.

Ndugu zetu waliokimbia tangu 2023 nao wana haki ya kudai. Waweke majina ya mashahidi, picha kama zipo, na karatasi za kiwanja. Lakini wasiruhusu madai yawe sababu ya kulala kwenye maji.

Kofia na viatu

Kisangani hupata mvua karibu milimita 1,700 kwa mwaka, na hakuna mwezi mkavu kabisa. Kwa hiyo adui wa nyumba ya udongo hapa ni mmoja, maji, na anaingia kwa njia mbili: kutoka juu kupitia paa, na kutoka chini kupitia mguu wa ukuta. Wajenzi wa Devon, Uingereza, ambako nyumba za udongo zenye umri wa mamia ya miaka bado zinakaliwa, husema kwamba nyumba ya udongo inataka kofia nzuri na viatu vizuri tu. Babu aliyeweka baraza pana alijua jambo hilo hilo bila kwenda Ulaya.

Udongo wenyewe si dhaifu. Kule Hadhramaut, Yemen, mji wa Shibam una maghorofa ya matofali mabichi yaliyojengwa kuanzia karne ya 16, na UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1982. Kule Djenné, Mali, msikiti mkubwa uliojengwa upya mwaka 1907 hukandikwa upya na watu wa mji kwa kazi ya pamoja. Kwao mvua ni kidogo kuliko kwetu, ni kweli. Lakini siri yao si ukame peke yake, ni kutunza bila kuchoka.

Basi, kwa mwenye pesa kidogo, utaratibu unaotokana na historia hii ni huu.

Kwanza, paa. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, iende juu. Unaponunua mabati, uliza namba yake: tole ya BG 32 ni nyembamba kuliko ya BG 28, ingawa dukani zinang'aa sawasawa. Kama mabati hayawezekani, ndele zilizopangwa kwa kubanana bado ni paa zuri na lenye ubaridi, ila jiko likae mbali kwa sababu ya moto. Kwa aliye na bashi tu, asiiache juani, maana jua huipasua. Aifunge kwanza juu ya fito, kisha aweke ndele juu yake. Bashi itazuia maji, ndele zitazuia jua, na vyote viwili vitaishi zaidi. Upenu utoke nje ya ukuta angalau sentimita 60. Hapo ndipo baraza la wazee linaporudi.

Pili, mguu wa nyumba. Chimba mfereji wa kupeleka maji mbali na ukuta, na hilo halihitaji pesa bali jembe. Sakafu ya ndani iwe juu kuliko kiwanja cha nje. Kwa anayejenga upya, safu ya chini ya ukuta iwe ya mawe au matofali ya kuchoma hadi sentimita 30 au zaidi, kwa sababu matone yakianguka hurukia hapo. Kama una mfuko mmoja wa simenti, hapa ndipo mahali pake. Nguzo za mti mgumu kama limbali hukaa muda mrefu kuliko mti mwororo, na wajenzi wengi huchoma kidogo sehemu itakayoingia ardhini ili mchwa na unyevu visiile upesi.

Tatu, ukuta. Udongo wa kichuguu unashika vizuri. Uloweke usiku mzima pamoja na nyasi zilizokatwa fupi, kisha ukanyage. Kabla ya kukandika nyumba nzima, paka vipande vinne vidogo ukutani, kila kimoja na mchanga tofauti: bila mchanga, kidogo, nusu, mwingi. Ngoja siku 3. Kile kisichopasuka na kisichopukutika ukikisugua ndicho kipimo chako. Paka mara mbili, ya pili ikiwa nyembamba. Usipige lipu ya simenti juu ya ukuta wa udongo. Vitu hivyo viwili havishikani: simenti hufungia unyevu ndani, na baada ya mvua chache hubanduka na kung'oa udongo pamoja nayo. Pesa ya watu wengi imeanguka chini kwa njia hiyo.

Nne, mwanga na hewa. Acha nafasi kati ya ukuta na paa, au toboa dirisha dogo, ukiweka wavu wa mbu kama unapatikana. Ukuta wa ndani ukipakwa pemba, ule udongo mweupe, uliochanganywa na uji mwepesi wa muhogo, chumba chenye giza kinaangaza bila taa. Bei yake ni ndogo kuliko kopo la rangi.

Urembo wa mbele unakuja mwisho.

Karatasi na mikono ya watu

Kuna matengenezo mawili ambayo hayaonekani kwa macho.

La kwanza ni karatasi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi yote ni ya Serikali, na haki ya mtu juu ya kiwanja inathibitishwa na cheti cha usajili, certificat d'enregistrement. Watu wengi wa mitaani hawana cheti hicho, wana karatasi ya mauzo tu. Hata hiyo ni afadhali kuliko mikono mitupu. Ifungeni kwenye plastiki, muwe na nakala kwa jamaa. Na wewe unayepanga chumba, kabla ya kukandika ukuta au kubadilisha mabati ya mwenye nyumba, andikianeni mbele ya mashahidi wawili: umetumia kiasi gani, na kitakatwa miezi mingapi kwenye kodi. Maneno ya barazani husahaulika nyumba ikishapendeza.

La pili ni mikono ya watu. Katika miaka ya 1970 Mobutu alifanya salongo kuwa kazi ya lazima, na watu wengi waliichukia. Lakini kusaidiana kukandika nyumba kulikuwepo kabla yake na kumebaki baada yake. Kina mama wa sokoni wanaendesha likelemba kila wiki: kila mmoja anatoa kidogo, na mmoja anapokea yote. Likelemba hiyo hiyo inaweza kuwa ya mabati, badala ya pesa taslimu inayoyeyuka mkononi. Inaweza hata kuwa ya kazi: familia 6 zikikubaliana, Jumamosi hii wanakanyaga udongo kwa fulani, Jumamosi ijayo kwa fulani mwingine. Baada ya majuma 6 kuta 6 zimekandikwa, na fundi hajalipwa hata faranga moja.

Na ikiwa katika familia hizo 6 kuna Mbole na kuna Lengola, itakuwa kama ile barabara ya miaka ya 1950, ambapo majirani wa makabila mengi walikaa ukuta kwa ukuta. Mtu uliyemkanyagia udongo wa nyumba yake, si rahisi kuja kuichoma.

Mvua kubwa za Septemba hadi Novemba hurudi kila mwaka. Anayeweza aanze na paa kabla hazijafika. Asiyeweza paa, achukue jembe leo achimbe mfereji.